TAKA ZISIZO NA HARUFU

Taka za nyumbani hujitambulisha zenyewe. Majivu yaonekana, samadi yanuka, maganda ya ndizi huita nzi, na mama mwenye nyumba hahitaji kufundishwa na mtu kwamba vitu hivi vyapasa kuondolewa uani kabla mgeni hajabisha hodi. Macho na pua ndio Bwana Afya wetu wa kwanza. Walakini imo duniani taka ya namna nyingine, isiyo na harufu wala moshi, isiyowasha ngozi saa ile iguswapo, na ambayo pengine hupendeza macho kuliko shanga. Nayo ni mabaki ya vitu vyenye mionzi. Sisi walimu wa Nyanungu twapenda kuwaeleza wasomaji habari zake. Hatutaki kumtia mtu hofu. Lakini hofu isiyo na maarifa na ujasiri usio na maarifa ni ndugu wa tumbo moja, na wote wawili wamekwisha kuua watu.

Pengine msomaji atauliza: Nyanungu na mionzi, wapi na wapi? Sisi ni watu wa ulezi, mihogo, mahindi na ng'ombe. Upande mmoja tumepakana na Kenya, upande mwingine twaona mbuga ya Serengeti. Ni kweli. Lakini katika wilaya yetu hii ya Tarime, huko Nyamongo, uko mgodi mkubwa wa dhahabu uliofunguliwa mwaka 2002, barabara zajengwa, magari hupita mpakani Sirari usiku na mchana, na vijana wetu huzunguka na magunia wakiokota vyuma chakavu ili wapate shilingi za daftari na chumvi. Na vyuma havisemi vilikotoka.

Yatupasa kwanza kujua vitu hivi vyatumika wapi, maana mtu hawezi kuogopa vema asichokijua. Katika migodi na viwanda vingi vya dunia hutumika kipande kidogo cha sesiamu, kilichofungwa ndani ya kibweta cha chuma na kuzungushiwa risasi. Hicho hufungwa kando ya bomba. Mionzi hupenya bombani, na chombo kilicho upande wa pili huhesabu iliyopita, na hivyo mafundi hujua uzito wa tope lipitalo ndani bila kulifungua bomba. Wajenzi wa barabara wanacho chombo cha namna hiyo cha kupima kama udongo umeshindiliwa sawasawa. Na hospitalini, kama vile Ocean Road huko Dar es Salaam na Bugando huko Mwanza, mionzi ya kobalti imetumika miaka mingi kuwatibu wenye saratani. Wako watu waliorudi kwa watoto wao kwa sababu ya mionzi hiyo. Basi tusiiite mionzi adui. Ni kama moto: jikoni ni rafiki, juu ya paa la nyasi ni msiba.

Tena tuondoe kosa moja lililoenea. Mtu aliyepigwa picha ya mifupa kwa eksirei harudi nyumbani na mionzi mwilini, wala mashine ile haina mionzi ikisha kuzimwa umeme. Tunalozungumza hapa ni jambo jingine, yaani vitu ambavyo vyenyewe hutoa mionzi mchana na usiku, pasipo umeme wala mafuta, wala havina mahali pa kuvizimia.

Haviwezi kuzimwa, ila huchoka. Tuchukue mfano wa ghala ya ulezi ambayo kila baada ya muda fulani hupungua nusu ya kilichobaki: kwanza nusu, kisha robo, kisha thumuni, na kuendelea. Iodini itumikayo kutibu ugonjwa wa tezi la shingo hupungua nusu kila siku 8. Hospitali yaweza kuiweka chumbani, ikafunga mlango, ikangoja miezi michache, na shauri limekwisha. Kobalti huchukua zaidi kidogo ya miaka 5. Sesiamu huchukua miaka 30, yaani umri wa kizazi kimoja. Radiamu, iliyotumiwa na waganga wa zamani, huchukua miaka 1,600. Ili nguvu ya kitu ipungue hata ibaki sehemu moja katika elfu, hupasa nusu hiyo ikatwe mara kumi. Basi sesiamu inayofungwa leo yahitaji mlinzi kwa muda wa miaka 300, yaani vizazi kumi. Wazee wetu wakitaja majina ya babu zao hadi vizazi kumi twawasifu kwa kumbukumbu. Na hapa sheria yatutaka tukumbuke kiasi hicho mbele, kwa ajili ya watu ambao hawajapewa majina.

Nchi yetu haikulala katika jambo hili. Tanzania iliingia katika Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki mwaka 1976. Mwaka 1983 Bunge lilitunga sheria ya kuwakinga watu na mionzi, na mwaka 2003 ikatungwa sheria nyingine, iliyoanzisha Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania. Mtu au kampuni haiwezi kuleta kitu cha mionzi nchini pasipo leseni ya Tume. Kitu hicho huandikwa katika daftari, wakaguzi hukitembelea, na kikisha kuchoka au kazi ikikoma, mwenyewe hana ruhusa ya kukitupa. Hupasa akirudishe kwa waliokitengeneza, au akikabidhi kwa Tume, iliyo na ghala maalumu huko Arusha. Kenya nao wanalo ghala lao katika msitu wa Ololua, karibu na Nairobi. Kazi ya ghala za namna hii si kuharibu mionzi, maana hakuna awezaye kuichoma wala kuiyeyusha ikaisha. Kazi yake ni kuitenga: kuifunga katika chuma, risasi na saruji, kuiandika, kuifungia mlango na kungoja.

Utaratibu huu wote wasimama juu ya neno moja, nalo ni mwenyewe. Kitu chenye mwenyewe anayejulikana hakina hatari kubwa. Kitu kilichopotewa na mwenyewe wataalamu hukiita chanzo yatima. Nasi twasema yatima wa binadamu ana mjomba na shangazi, bali yatima huyu hana ukoo. Yeyote amwokotaye, amemwokotea nyumba yake kifo.

Habari ya mji wa Goiânia, katika nchi ya Brazili, yafaa isimuliwe katika kila kijiji chenye biashara ya vyuma chakavu. Zahanati moja ya kutibu saratani ilihama mwaka 1985 ikaacha mashine yake katika jengo bovu. Mwezi wa Septemba 1987 vijana wawili waliingia humo kutafuta chuma cha kuuza, wakang'oa kichwa cha mashine, wakakipasua, wakamwuzia mnunuzi wa vyuma. Ndani yake mlikuwamo unga wa sesiamu ambao uzito wake haukufika gramu 100. Usiku mnunuzi yule aliona unga ung'aa kwa rangi ya buluu. Akashangaa, akaita jamaa na majirani waje waone, akawagawia vipande. Mtoto wa kike wa miaka sita aliuchezea sakafuni, akala chakula kwa mikono ile ile. Wahenga wamesema, vyote ving'aavyo si dhahabu. Lakini masikini wale, nani alikuwa amewaambia?

Baada ya siku chache watu walianza kutapika na kuungua ngozi pasipo moto. Mke wa mnunuzi ndiye aliyetambua. Hakuwa na elimu kubwa ya mambo haya, ila aliona kwamba ugonjwa uliingia nyumbani pamoja na kitu kile. Basi akakitia katika mfuko, akapanda basi pamoja na mfanyakazi wao, akakipeleka kwa wakuu wa afya. Kesho yake kikapimwa, na hatari ikajulikana. Watu zaidi ya 112,000 walikusanywa na kupimwa, na 249 walionekana kuwa na uchafu wa sesiamu. Wanne walikufa katika muda mfupi, na miongoni mwao ni yule mtoto na yule mwanamke. Nyumba zilibomolewa, udongo ukachotwa, hata taka zikafika mita za ujazo 3,500, nazo zimezikwa nje ya mji. Na siku ya mazishi ya mtoto watu walirusha mawe makaburini, wakiogopa kwamba maiti italeta balaa katika mtaa wao. Tazama basi: kwanza walikosa hofu iliyopasa, kisha wakapata hofu isiyopasa. Na kati ya hayo mawili yuko mwanamke mmoja aliyefanya lililo sawa, akaokoa wengi, yeye mwenyewe asiokoke.

Sasa turudi kwetu. Siku moja mwanafunzi wetu wa darasa la sita alituambia kwamba nyumbani kwao kimeletwa kitu kizito kama chungu, nje chuma, ndani risasi, chenye alama ya njano iliyokwanguka nusu. Baba yake alikinunua kwa mpita njia, naye alikuwa anangoja siku ya mnada ili akiuze. Tulikwenda jioni ile, tukasimama mbali, tukamwita atoke nje. Tulimwamkia, tukamwambia, "Mzee wetu, twakusihi usikipasue kitu hiki, na watoto wasikikaribie." Akatutazama, akajibu, "Walimu, ninyi ndio mnaoniandikia kwamba mtoto hana sare. Hiyo iliyo pale ndiyo sare. Nisipoiuza, mtanilipa ninyi?"

Hatukuwa na jibu. Tukamweleza habari ya Goiânia kama tulivyoieleza hapa. Alisikiliza kwa makini, kisha akamgeukia mwanawe mkubwa aliyekuwa ameketi karibu na kitu kile akasema, "Mura, ondoka hapo." Akawahamisha ndama zizi la pili, akazungusha miiba mahali pale kama azungushavyo mtu kaburi jipya. Sisi tulipeleka habari kwa mtendaji, naye akazipeleka mbele. Siku tano zilipita. Siku ya mnada ikaja ikaenda, na mnunuzi akaja akaenda. Hatimaye akafika mtaalamu mmoja mwenye chombo cha kupimia. Alikaribia polepole, akapima pande zote, akasema kwamba hicho kilikuwa kifuniko kitupu. Chenye mionzi kilikwisha kutolewa zamani, wala hapana hatari. Hata hivyo alikichukua, kwa kuwa kifuniko kisicho na daftari ni swali lililohitaji jibu.

Watu walicheka sana. Wengine walisema walimu wameogopa sufuria. Tulichanga kidogo kidogo tukampa yule mzee, si bei kamili, ila kitu cha kumfuta jasho. Alipokea kwa mikono miwili, akasema, "Ahsanteni. Leo nimelipwa na ninyi. Na atakayeokota kesho, kisicho kitupu, atalipwa na nani?"

Neno hilo limetukalia moyoni kuliko kicheko cha watu. Maana twaona hapo ndipo ukuta una ufa. Sheria humwadhibu anayekaa na kitu cha mionzi pasipo leseni, na ni haki, kwa kuwa imewalenga wafanya biashara na wenye mitambo. Lakini masikini aliyeokota asichokijua, akisikia habari ya adhabu na asisikie habari ya fidia, atafanya nini? Atakitupa usiku mtoni, au atakiuza upesi kwa mnunuzi wa mbali, na yatima atakuwa amepata safari mpya. Mficha maradhi kifo humuumbua. Lakini yafaa tuulize pia kwa nini mtu huficha. Sisi twaona kwamba anayetoa habari ya kitu cha mionzi kilichopotea angepewa angalau bei ile ambayo angeipata mnadani. Kilo chache za risasi ni fedha kidogo, na zitafanya kazi ya ulinzi ambayo sheria peke yake haiwezi.

Wako wasemao: kwa nini taka hizi zisichukuliwe mbali kabisa, zikazikwe katika nchi ya watu wengine? Twajibu kwamba kila mahali panapoitwa mbali, ni nyumbani kwa mtu. Nchi za Afrika zilikutana Bamako mwaka 1991 zikafanya mapatano ya kukataza taka za hatari, pamoja na taka za mionzi, zisiletwe Afrika kutoka nje, kwa sababu matajiri walikuwa wameanza kuona bara letu ndilo jalala lao. Ikiwa hatukutaka kuwa jalala la wengine, sisi nasi hatuna haki ya kumtafutia jirani yetu jalala. Afrika ya Kusini tangu mwaka 1986 huzika taka zake hafifu na za kadiri katika nchi yake yenyewe, mahali pakavu paitwapo Vaalputs. Wafini wamechimba mapango katika mwamba, mita zaidi ya 400 chini ya ardhi, kwa ajili ya mabaki makali ya mitambo yao ya umeme. Aliyeota moto na azoe majivu.

Nasi tutakuwa na majivu mengi zaidi ya haya ya hospitali na viwanda. Huko Mto Mkuju, wilaya ya Namtumbo katika Ruvuma, yamegunduliwa madini ya urani. Mwaka 2012 mpaka wa pori la Selous ulirekebishwa kwa kibali cha Kamati ya Urithi wa Dunia ili kuuacha mgodi nje, na mwezi wa Julai 2025 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua huko kiwanda cha majaribio. Urani ikisha kutolewa katika jiwe, karibu sehemu 85 katika kila 100 za mionzi iliyokuwamo hubaki katika tope litupwalo, pamoja na radiamu ya miaka 1,600. Tope hilo huwekwa katika mabwawa. Na habari ya mabwawa, watu wa Tarime hawahitaji mwalimu. Mwezi wa Mei 2009 maji yenye tindikali yalivuja kutoka mgodi wa North Mara yakaingia mto Tigithe, uendao kuungana na Mara. Na mwaka 2019 Baraza la Mazingira la taifa liliutoza mgodi huo faini ya shilingi bilioni 5.6 kwa ajili ya bwawa la tope. Tope la dhahabu hatari yake ni sumu za namna nyingine, si mionzi, na tusichanganye mambo. Lakini udongo ni udongo, mvua ni mvua, na ufa ni ufa. Ndugu zetu wa Namtumbo na waulize mapema: bwawa litalindwa na nani mgodi ukisha kufungwa, na fedha ya ulinzi huo imewekwa wapi? Kuuliza mapema si uasi. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Limebaki jambo la alama. Alama ya zamani ni panka tatu nyeusi katika uwanja wa njano. Asiyefundishwa huiona ni ua, au feni. Kwa sababu hiyo alama mpya ilitolewa mwaka 2007, baada ya kuonyeshwa kwanza kwa watu wa nchi kumi na moja, Kenya ikiwa mojawapo, ili ijulikane kama asiyesoma ataielewa: pembetatu nyekundu, juu yake panka zitoazo mionzi, chini fuvu la kichwa na mifupa, na mtu anayekimbia. Tumeichora alama hii, na ile ya zamani, katika ukuta wa darasa. Watoto wa darasa la kwanza hawajui bado kusoma jina la kijiji chao, lakini waulizwapo maana ya picha ile, hukimbia kuelekea mlangoni wakicheka. Na wacheke; mradi wakimbie.

Wazee wetu wa Kikuria, wakutanapo katika iritongo, hukumbushana mipaka na maagano ambayo hayakuandikwa popote. Tumewaomba waliongeze neno hili miongoni mwa mambo ya kukumbushwa, nao wamekubali kulifikiri. Kwa wasomaji wengine twasema hivi. Ukiona kitu cha chuma kizito kupita ukubwa wake, chenye risasi au chenye alama hizo, usikifungue, usikipige nyundo, wala usikitie nyumbani. Sogea mbali, maana ukienda mbali mara mbili, mionzi ikupatayo hupungua ikawa robo. Waondoe watoto, kisha nenda kwa mtendaji, siku hiyo hiyo. Na wewe mtendaji, ajapo mtu kwako na habari ya namna hiyo, hata kama baadaye kitaonekana kuwa ni sufuria, neno la kwanza kinywani mwako lisiwe, "Umekiiba wapi?" Mwambie, "Ahsante," umpe kiti, ndipo uandike.